Jembe na Ufunguo wa Geti

Tarehe 1 Juni 1940, kina mama wachache walifungasha vitanda, sufuria na watoto, wakahamia kwenye nyumba iitwayo Camphill, nje kidogo ya mji wa Aberdeen huko Scotland. Wanaume wa kundi lao hawakuwapo. Wiki chache kabla, polisi walikuwa wamewazoa na kuwaweka kizuizini kwa sababu walitoka Austria na Ujerumani, na Uingereza ilikuwa vitani na Hitler. Kinaya ni kwamba watu hao walikuwa wamemkimbia Hitler huyohuyo. Kiongozi wao, Karl König, alikuwa daktari wa watoto kutoka Vienna, Myahudi kwa asili, na watoto waliokuwa wakilelewa na kundi hilo ni wale ambao shule za siku hizo zilikwisha kuwaandika kuwa hawafundishiki.

Huko walikotoka, watoto wa namna hiyo walikuwa wakiuawa. Mpango uliokuja kujulikana kwa jina la T4 uliwaua kwa gesi watu zaidi ya 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili kufikia Agosti 1941. Ni vigumu kuyasoma mambo hayo mawili kwenye kalenda moja: mabasi yanayopeleka watu kuuawa upande mmoja, na upande wa pili wanawake wanapanga vitanda kwenye nyumba baridi ya Scotland.

Watoto wa Camphill walikua, kama watoto wote. Ilipofika miaka ya 1950, wazazi wao wakabaki na swali lisilojua nchi wala dini: tukifa sisi, huyu atabaki na nani? Jibu lililopatikana lilikuwa shamba. Mwaka 1955 wenzake König walifungua kijiji cha Botton, katika bonde la Danby kwenye nyika za Yorkshire ya Kaskazini. Eneo hilo lilikuwa mali ya familia ya Macmillan, wachapishaji ambao jina lao msomaji wa Afrika Mashariki huenda analikumbuka kwenye majalada ya vitabu vya shule. Leo jumuiya za Camphill ni zaidi ya 100 katika nchi zaidi ya 20, nyingine za watoto, nyingine za watu wazima.

Kabla ya kwenda mbali, kuna mambo mawili ambayo vijiweni huchanganywa kila siku. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Mtu anaweza kuugua akili akiwa na miaka thelathini, akatibiwa, akarudi kazini. Mwenye ulemavu wa akili huzaliwa nao au huupata utotoni, na hakuna dawa ya kuumaliza, kwa sababu haugui. Anajifunza, ila taratibu na kwa njia yake. Wengine wana hali ya Down, wengine usonji, wengine chanzo hakikujulikana kamwe. Mtaani wataitwa taahira au zezeta, na likishatamkwa neno hilo hakuna anayeuliza tena mtu huyo anapenda nini au anaweza nini.

Pale Botton swali hilo liliulizwa. Kulikuwa na ng'ombe, bustani, kiwanda cha jibini, tanuri la mikate, karakana za mbao na vioo, na baadaye kazi ya kuzalisha na kufungasha mbegu za mboga. Katika kila nyumba waliishi watu wenye ulemavu pamoja na wasio nao, yaani mume na mke, watoto wao na vijana wa kujitolea waliotoka nchi za nje, wote wakila meza moja. Wale wasio na ulemavu hawakulipwa mshahara; mahitaji yao yalitoka kwenye mfuko wa pamoja. Hawakuitwa walezi wala wahudumu. Waliitwa wafanyakazi wenza.

Kwa nini shamba, na si kiwanda cha kushona mabegi? Jibu liko kwenye umbo la kazi yenyewe. Kazi ya shamba hugawanyika vipande vipande, na kila kipande kina faida inayoonekana kwa macho. Jibini hupita mikono mingi: kuna anayekamua, anayechemsha, anayechuja, anayetia chumvi, na yupo anayeingia stoo kila siku kuyageuza mabonge ya jibini upande wa pili, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Kazi hiyo ya mwisho humchosha haraka mtu mwenye haraka zake. Kwa mtu anayependa mambo yaende kwa mpangilio uleule jana, leo na kesho, inaweza kuwa fani ya maisha. Tena ng'ombe hamuulizi mtu cheti cha darasa la saba.

Ndivyo alivyoona pia Bettye Ruth Kay, mwalimu wa watoto wenye usonji katika jimbo la Ohio, Marekani. Wanafunzi wake walikuwa wanafikia utu uzima na hakuna aliyejua waende wapi. Alisafiri hadi Uingereza kuitazama Somerset Court, makazi ya watu wazima wenye usonji yaliyofunguliwa mwaka 1974, akarudi na mfano mkononi. Mwaka 1983 yakafunguliwa makazi ya Bittersweet Farms kwenye ekari 80 huko Whitehouse, karibu na mji wa Toledo. Mantiki yake ilikuwa nyepesi. Ukimpa mtu vipande vya plastiki avipange kwa rangi, kisha jioni ukavichanganya tena ili avipange kesho, umempotezea muda na anajua. Ukimpa shoka na gogo, rundo la kuni litaongezeka, na baridi ikija ataota moto alioutolea jasho.

Waswahili walikwisha kulisema hili zamani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huichukua methali hiyo kama dongo kwa mgeni asiyeondoka. Lakini ina upande wa pili: anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni, sasa ni mtu wa hapa. Katika nyumba nyingi yuko mtu wa miaka arobaini ambaye hajawahi kupewa jembe. Analishwa vizuri na anavishwa, na Sikukuu hununuliwa shati jipya. Ni mgeni wa siku mbili kwa miaka arobaini.

Hata hivyo, jembe hilo lina historia chafu, na anayelisifia shamba bila kuitaja anadanganya wasomaji wake. Mwaka 1899 taasisi ya Massachusetts iliyoongozwa na Daktari Walter Fernald ilinunua mashamba huko Templeton, ikayaita koloni la kilimo. Vijana walioonekana wana akili pungufu walipelekwa huko kulima na kufuga, na mazao yakalisha taasisi. Mfano huo ulienea kwenye taasisi nyingi za serikali za Marekani. Wakazi walikamua, walifua, walipika, walilisha wenzao waliokuwa hoi kuliko wao, kwa miongo mingi, bila ujira au kwa senti za pipi. Ilisemwa kuwa ni tiba. Mwaka 1973 mahakama mjini Washington, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, ikaamua kwamba sheria ya kima cha chini cha mshahara inawahusu wakazi hao kama wafanyakazi wengine. Kilichofuata kinasema mengi: taasisi nyingi ziliamua kuacha kuwatumia badala ya kuwalipa. Ile tiba, kumbe, ilikuwa nzuri ilipokuwa ya bure.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, Wamarekani walikuwa wameona kwenye televisheni picha za Willowbrook, taasisi ya New York iliyojaa watu zaidi ya 5,000, wengine uchi, wengine wamelala kwenye uchafu wao. Ilifungwa mwaka 1987. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatamka, katika kesi ya Olmstead, kwamba kumtenga mtu mwenye ulemavu na jamii pasipo sababu ni ubaguzi. Kwa kumbukumbu hizo, si ajabu kwamba mwaka 2014 mwongozo wa serikali uliyataja mashamba ya watu wenye ulemavu miongoni mwa makazi yanayoelekea kuwatenga wakazi wake, hivyo yakawa hatarini kukosa fedha za Medicaid, mfuko wa umma unaogharimia huduma hizo. Wazazi wakaja juu. Walisema mtoto wao mjini alikuwa akishinda amejifungia chumbani, na kule shambani ana marafiki na kazi. Nani hasa ametengwa? Mwaka 2019 mwongozo huo ulilegezwa.

Wazazi walikuwa na hoja, na serikali ilikuwa na hoja. Pande zote mbili, hata hivyo, ziliutazama mno umbali. Zilipima kilomita kutoka shambani hadi mjini, kana kwamba upweke ni jambo la ramani. Fleti ya ghorofa ya tatu katikati ya jiji inaweza kuwa jela ikiwa mwenyewe hatoki ila mhudumu akipenda, na shamba lililo bondeni linaweza kuwa wazi kuliko mtaa ikiwa wakazi wanakwenda sokoni, kanisani au msikitini, na majirani wanaingia kununua mkate. Kipimo kilichosahaulika ni ufunguo wa geti. Nani anao? Mkazi akisema leo hataki kulima, kinafuata nini? Akisema anataka kuhama, ombi hilo linapelekwa kwa nani?

Wala jina zuri halimlindi mtu. Somerset Court, ile ile iliyompa mwalimu Kay mfano, ilikuwa na nyumba iitwayo Mendip House. Nyumba hiyo ilifungwa mwaka 2016 baada ya kubainika kwamba baadhi ya wafanyakazi walikuwa wakiwadhihaki na kuwanyanyasa wakazi. Mwendeshaji wake hakuwa tapeli wa mtaani, bali chama cha kitaifa cha usonji cha Uingereza, chenye jina na wataalamu. Nyumba ikiwa mbali na macho ya watu, na wakazi wengi hawawezi kujieleza kwa maneno, uovu haukosi nafasi hata penye nia njema.

Botton nayo ilipata mtihani wake. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, wasimamizi wa shirika linalomiliki kijiji waliamua kwamba mpango wa wafanyakazi wenza wasio na mshahara hauwezi kuendelea. Walitaja kanuni za kodi, walitaja matakwa ya wakaguzi wa huduma. Wenza wangekuwa waajiriwa wenye mkataba na zamu. Kwa aliyezoea ofisi, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kijijini lilipokelewa kama talaka. Mtu aliyekula nawe meza moja kwa miaka ishirini sasa angeingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa, na mwingine kushika zamu. Familia za wakazi zikagawanyika, mawakili wakaingia, kukawa na kesi na usuluhishi. Mwisho wake baadhi ya wenza walijitenga na kuunda jumuiya yao, Esk Valley Camphill Community, ili waendelee kuishi nyumba moja na watu wenye ulemavu, huku shirika likiendelea na utaratibu wake wa waajiriwa. Bonde moja, njia mbili.

Ni rahisi kuwashangilia wenza na kuwazomea wasimamizi. Lakini swali la wasimamizi halikuwa la kipuuzi. Mtu anayeishi nyumba moja na wewe, anayekupikia, anayeshika fedha zako na kukuamulia ratiba, halafu hana mwajiri wa kumwajibisha, akikukosea utamshtaki wapi? Mapenzi ni kitu kizuri, ila hayana dawati la malalamiko. Na upande wa pili nao una swali lake: mtu ambaye kila anayemgusa maishani amelipwa kufanya hivyo, je, ana rafiki? Zamu ya saa nane haijui kwamba jana usiku alilia.

Kwa mtu wa Tanga au Nyeri, mjadala wa Yorkshire unaweza kuonekana wa watu walioshiba. Sivyo. Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, ilianzishwa na wamisionari Wajerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Mpaka leo kazi za mikono na za shamba, chai ikiwamo, ni sehemu ya tiba yake. Baada ya uhuru, serikali ya Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili, kama Hombolo huko Dodoma na Vikuruti huko Dar es Salaam. Kwa hiyo wazo la jembe kama njia ya kumrudisha mtu kwenye utu si geni kwetu. Ila vijiji hivyo ni vya wagonjwa, ambao hutarajiwa kupona na kuondoka. Mwenye ulemavu wa akili hapiti njia. Anahitaji mahali pa kuzeekea.

Jirani zetu wa kusini wamejaribu. Huko Otse, Botswana, Camphill ipo tangu mwaka 1974, na sehemu yake ya vijana na watu wazima inaitwa Motse wa Badiri, maana yake kijiji cha wafanyakazi. Motse ni ndugu wa neno letu mji. Haikuitwa makao ya wasiojiweza wala kituo cha huruma. Wanaovipa majina vituo vyetu wangetafakari jina hilo kidogo.

Kwetu mtoto akibahatika hupata kitengo cha elimu maalumu, kama kile cha Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam au Jacaranda Special School jijini Nairobi. Hufunzwa kuvaa, kuhesabu fedha, kupanda mboga, kufuma. Kisha umri unafika, anarudi nyumbani, na ujuzi wote unalala. Kenya huzipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha ambazo ni bora kuwapo kuliko kutokuwapo, ila hakuna anayedai zinajenga maisha. Mzigo wote unabaki kwa mama, na mama anazeeka.

Siku ya msiba wake, ndugu hukaa kikao. Shamba linagawanywa. Fungu la yule kaka mwenye ulemavu huwekwa chini ya "atakayemtunza", ahadi inatolewa mbele ya wazee, na kila mtu anaondoka na amani moyoni. Miaka miwili baadaye fungu lina mahindi ya mtu mwingine, na kaka amehamishiwa banda la nyuma. Si kwamba ndugu wote ni wabaya. Wengi wanajitahidi. Lakini ahadi ya msibani haina karatasi wala mkaguzi, na aliyeahidiwa hakuwa kwenye kikao. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa sababu hiyo mashamba ya kuishi yanastahili kujaribiwa Afrika Mashariki, lakini si kwa kunakili bonde la Yorkshire. Kitakachokuja haraka, mtu asipoangalia, ni kile kinachofahamika: ekari hamsini mbali na barabara, kibao kikubwa chenye nembo ya mfadhili, wageni wenye kamera, na wakazi sitini waliokusanywa kutoka wilaya nzima. Hicho si kijiji. Ni Templeton yenye paneli za sola. Shamba linalofaa ni dogo, liko ndani ya kata yenye soko na zahanati, wanalala hapo watu sita au wanane, na wengine wanakuja asubuhi na kurudi kwao jioni. Jirani anakuja kununua maziwa, na mkazi anatumwa dukani. Fungu la ardhi la kila mkazi linaandikwa chini ya wadhamini, ili kaka au binamu asiweze kuliuza, na mazao yakiuzwa mgao wa aliyelima unaandikwa kwa jina lake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Haki hiyo haitimizwi kwa kumpeleka shambani kwa nguvu, wala kwa kumnyima shamba analolitaka.

Serikali zina kazi hapa, na kazi ya kwanza ni kukagua. Afrika Kusini ililipa bei kubwa kujifunza hilo. Mwaka 2015 mkoa wa Gauteng uliamua kuachana na kampuni ya Life Esidimeni na kuwahamisha wagonjwa zaidi ya 1,400, wakiwamo wenye ulemavu mkubwa wa akili, kwenda kwa mashirika ya kijamii. Hoja ilikuwa nzuri mdomoni: huduma ziwe karibu na jamii, gharama zipungue. Mashirika mengi hayakuwa na leseni halali, chakula wala wauguzi. Walikufa watu 144. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesikiliza familia zao na kutoa uamuzi mwaka 2018, alikuta watu walihamishwa kama mizigo, wengine bila majalada yao.

Mkaguzi anayetumwa kwenye shamba la namna hii hapa kwetu ataonyeshwa ng'ombe kwanza. Ni wazuri, na mwenyeji atataka wasifiwe. Awasifie, kisha aombe daftari la mauzo ya maziwa ya mwezi uliopita, atazame jina la aliyekamua na kiasi alicholipwa. Halafu amtafute mtu huyo mwenyewe, mwenyeji akiwa hayupo, amuulize jana jioni alikwenda wapi na nani alimfungulia geti.